Kipande cha Bati Kutoka Injini ya Hajji

Mwanangu Masika,

Nakuandikia nikiwa garajini hapa Kasese, nimeketi juu ya kreti la soda, na mikono yangu bado ina grisi, kwa hiyo ukiona alama za vidole kwenye karatasi usishangae. Ni saa kumi na moja jioni. Nimechoka. Huu si uchovu wa leo tu, na sidhani kama kulala kutauondoa. Lakini barua hii lazima ifike Bwera kabla hujalala, kwa sababu kesho asubuhi unaondoka kwenda Mweya kuanza kazi ya ufundi wa magari ya watalii, na mimi sitakuwepo kukushika mkono. Tuna lori hapa ambalo tumelifungua tumbo, na mwenye garaji hakunipa ruhusa.

Mtu atakayekuletea barua ananingoja nje, juu ya tairi kuukuu. Sasa hivi amechungulia mlangoni.

"Mzee Kambale, wewe naandika barua ama naandika Biblia?"

Nimemwambia angoje kidogo.

"Mimi nangoja," amesema. "Ile gari ya Bwera ndiyo haitangoja."

Nitakuambia ni nani nitakapofika mwisho. Kwa sasa mjue tu kama mtu ninayemheshimu.

Mambo ya sabuni, chandarua, na kutotoka nje gizani kwa ajili ya viboko, mama yako ameshakuambia, na najua amekuambia mara tatu. Mimi sina ya kuongeza hapo. Nina jambo moja, nalo ni ile karatasi ya Hajji Musa ya kukuombea kazi, iliyo ndani ya begi lako.

Jumapili uliyonipigia simu ulinisomea karatasi ile. Nilikuwa nimesimama hapa hapa, nyuma ya ukuta, nimeziba sikio moja kwa sababu ya kelele za mashine ya kuchomelea. Ulisoma polepole kama mtu anayesoma kanisani: "Baba wa binti huyu ni fundi asiyedanganya. Gari langu lilipokufa mlimani, yeye ndiye aliyenionyesha kwamba dereva wangu alikuwa akitia mafuta mabaya. Mtoto wa mtu kama huyo mnaweza kumwamini." Kisha ukacheka kwa furaha. "Papa, unasikia vile banakusifu?"

Nilikuambia mtandao unakatika, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Masika, dereva yule hakutia mafuta mabaya. Aliyeua injini ya Hajji ni mimi. Huko Mweya wamekubali kukupokea kwa sababu ya uongo wangu, na uongo huo umeandikwa kwenye karatasi kama ndiyo sifa yangu. Siwezi kukuacha uubebe kifuani ukidhani ni baraka.

Nianze pale unapopajua. Nilipotoka Butembo sikuwa na cheti chochote. Shule niliacha darasa la sita, na ufundi nilijifunza kwa mjomba wangu kwenye malori ya zamani, yale ambayo injini yake ilikuwa chuma, mafuta na hewa, basi. Ukilisikia linakohoa unajua limeumwa nini. Nilipofika Bwera watu wakaniita Fundi Mkongomani, na nilikuwa mzuri, sitajificha. Nilikuwa naweka bisibisi ndefu kwenye injini, nabana mpini wake sikioni, na nakuambia ni silinda ipi inagonga.

Kisha yakaanza kuingia magari mengine ya dizeli. Pikapu na vani zilizotumika, safi kwa nje, na ndani ya injini kuna kitu ambacho mjomba wangu hakuwahi kukiona: valvu inayochukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha kwenye njia ya hewa ili uchomwe tena. Wenye kompyuta wanaiita EGR. Wanasema inapunguza sumu inayotoka kwa bomba. Mimi nilipoiona mara ya kwanza niliona ni wazimu. Nani analisha gari moshi wake mwenyewe? Ni kama kumpa mtu maji aliyoogea anywe.

Pale Bwera tulikuwa mafundi kama kumi chini ya mabati yale karibu na soko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefundishwa kitu hicho. Gari likija linatoa moshi mweusi, halivuti, linatetemeka likisimama, tunafungua tunakuta masizi yamejaa mpaka valvu haiwezi kufunga. Ungetegemea tukae, tuulizane, tutafute kwa nini yamejaa. Hatukufanya hivyo. Tulipata dawa moja ya magari yote. Tulikata kipande cha bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, yale makopo ya msaada ambayo wakimbizi wenzetu waliyauza sokoni yakiwa matupu, tukatoboa matundu mawili ya bolti, tukaliweka katikati ya bomba la moshi na ile valvu. Moshi ukafungiwa njia. Gari likaamka. Mwenye gari akafurahi, akatuita madaktari.

Sisemi kufunga njia ile ni kosa kila mara. Wapo wanaoifunga kwa chuma kinene, na wanamwambia mwenye gari wamefanya nini na kwa nini. Sisi tulifunga kwa bati la kopo, na tulinyamaza, kwa sababu ukisema utalazimika kueleza, na ili ueleze lazima ujue. Mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa mtu mzima mwenye sifa, naogopa kutamka neno hilo moja mbele ya watu.

Hajji Musa alikuja na pikapu yake mwaka ule ulipokuwa darasa la tano. Unamjua, mzee mpole, mwenye kanzu safi hata akiwa kati ya magunia. Alikuwa na magari matatu yanayobeba chumvi kutoka Kabatoro na kahawa kutoka Kyarumba. Dereva wa pikapu ile alikuwa kijana aitwaye Baluku, mzaliwa wa huko huko milimani, mtu wa utani mwingi.

"Fundi," Baluku akaniambia, "hii gari inapanda mlima kama mwanamke mwenye mimba ya mapacha. Inasimama, inapumua, inaomba maji."

"Ilianza lini?" ndivyo nilivyopaswa kuuliza. Sikuuliza. Nilisikia neno moshi, nikafungua, nikaona masizi, nikatuma mtu aniletee kopo.

Sasa nikuambie kilichokuwa mbele ya macho yangu, maana niliyaona yote na sikuyaangalia. Masizi yale hayakuwa makavu. Yalikuwa na mafuta, mazito kama lami. Masizi makavu ni ya moshi peke yake. Masizi yenye mafuta yanakuambia kwamba kuna mafuta ya injini yanayovuja kuingia njia ya hewa, labda turbo, ile feni inayosukuma hewa, imechoka, labda injini inapumulia mahali pasipofaa. Na ule mpira mwembamba unaopeleka mvuto wa hewa kwenye valvu ulikuwa umepasuka mahali palipojikunja, panya au jua, sijui. Mpira ule wa urefu wa kiganja ningeubadilisha, ningeosha valvu kwa petroli na kijiti, ningetafuta mafuta yanatoka wapi, na gari lingepona. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Mimi nilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

"Tayari?" Baluku aliuliza.

"Tayari. Nenda, upande mpaka mbinguni."

Alipanda majuma matano. Moshi wa ekzosi ni moto, Masika, na bati la kopo limetengenezwa kushika mafuta ya maharage. Kidogo kidogo likaungua. Siku moja, Baluku akiwa anapanda kwenda Kyarumba kuchukua kahawa, kipande kikamegeka, kikavutwa kwenye njia ya hewa, kikaingia ndani ya silinda. Injini ikapiga kelele moja, ikazima. Na injini ikizima, breki zinakuwa nzito kama kusukuma ukuta. Gari likaanza kurudi nyuma. Unaijua barabara ile. Nyuma yake walikuwa akina mama wanapandisha mizigo kichwani, wamejipanga kando ya njia. Baluku akazungusha usukani akaligonga gari kwenye ukingo wa mlima kwa makusudi, upande wake mwenyewe. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeguswa. Yeye alivunjika mkono wa kushoto, hapa kwenye kiwiko.

Gari lilivutwa mpaka kwangu. Nilifungua injini peke yangu. Nilipoinua kichwa cha injini nikaona juu ya pistoni ya tatu alama za kugongwagongwa, valvu imepinda, na pembeni, kimelala kwenye masizi, kipande cha bati kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kilikuwa bado na rangi, nyekundu kidogo, ya maandishi ya kopo.

Nilikitia mfukoni.

Hajji alifika baada ya sala ya alasiri. Akasimama mbali kidogo ili kanzu isishike mafuta. "Fundi Kambale, niambie. Gari yangu imekufa kwa nini?"

Mwanangu, kila fundi ana jibu analoliweka tayari kwa siku asiyo na jibu. La kwetu pale mpakani lilikuwa mafuta. Kila mtu anajua madereva hununua dizeli ya jerikeni kando ya njia, kila mtu anajua nyingine ina maji. Ukisema mafuta, hakuna anayeuliza zaidi.

"Mafuta, Hajji," nikasema. "Mafuta ndio iko mbaya."

"Wallahi?"

Aliniapisha, ujue. Mimi Mkatoliki nikaitikia kwa kichwa.

Hakupiga kelele. Alikwenda hospitali akamwambia Baluku asirudi kazini. Baluku akaapa, akalia, akataja kituo anachojazia, hakuna aliyemsikiliza, maana fundi ameshasema. Stendi nzima ikampa jina: Mafuta. "Mafuta, umeamka?" "Mafuta, leo umeweka maji kiasi gani?" Hakuna mwenye gari kutoka Bwera hadi Kasese aliyempa usukani tena. Nilisikia amerudi Kyarumba anabeba kahawa ya watu kichwani, baadaye nikasikia yuko Kabatoro anapakia chumvi kwenye malori, kwa mkono mmoja na nusu.

Mimi nilihamia huku Kasese. Nilimwambia mama yako ni kwa ajili ya kazi nzuri zaidi. Ukweli ni kwamba sikuweza kupita stendi ile nikisikia jina lile. Huku ndiko nilikojifunza hiyo EGR, kwa kuchelewa, nikiwa kibarua kwenye garaji ya mtu mwingine, nikiuliza vijana wa umri wako maswali ambayo nilipaswa kuuliza nikiwa Bwera. Niliona aibu siku ya kwanza tu. Siku ya pili nilishangaa jinsi ilivyo rahisi. Unasema, "Sijui, nionyeshe," mtu anakuonyesha, na jua linaendelea kuwaka.

Ulipoanza kuja likizo kushika spana, nilikufundisha kuuliza kwanza, kunusa, kugusa masizi kwa vidole. Ulinisifu kwamba nina subira. Subira ile niliinunua kwa mkono wa mtu mwingine. Kila nilipokuambia "usikimbilie kufungua," nilikuwa naongea na mwanamume yule mwenye kopo, na wewe ulikuwa unasikiliza tu.

Sasa nimefika kwenye juma hili. Baada ya simu yako sikufanya kazi vizuri siku mbili. Niliacha bolti moja bila kukazwa, mwenye garaji akaniuliza kama nina malaria. Alhamisi nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikapanda gari kwenda Kabatoro.

Nilimkuta Baluku kwenye lori, mgongo wake mweupe kwa chumvi. Amezeeka kuliko miaka yake. Aliniona, akatabasamu kwanza, ndivyo alivyo.

"Fundi Mkongomani! Umekuja kununua chumvi ama umekuja kuniuzia gari?"

Nilitoa kipande cha bati. Nimekitunza miaka yote hii kwenye sanduku la spana, kimefungwa kwa kitambaa. Mara nyingi nilitaka kukitupa na kila mara nilikirudisha. Nilikiweka kwenye kiganja chake, nikamwambia kilikotoka.

Alikigeuza. Akakigeuza tena. Wenzake walikuwa wanamwita wakisema lori linangoja.

"Hiki?" akasema. "Hiki kidogo hivi?"

"Ndiyo hicho."

Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Kisha akauliza, "Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mimi nilianza kuamini," akasema. "Nilianza kuamini labda kweli kituo kile kilinipa maji. Nilikuwa narudia kichwani, nilijaza wapi, nilijaza saa ngapi. Miaka hii yote nimekuwa najiuliza mimi mwenyewe."

Hilo sikuwa nimelifikiria, Masika. Nilidhani nilimnyang'anya kazi na jina. Kumbe nilimnyang'anya hata uhakika wa kumbukumbu yake.

Nilimwomba msamaha. Hakunijibu ndiyo wala hapana, na mpaka saa hii hajajibu. Alisema neno moja: "Mimi nataka iongewe kule kwa stendi. Si kwa sikio yangu. Mimi nilikuwa najua kuendesha gari kabla wewe ujue kuifungua."

Leo asubuhi tulikwenda wote wawili kwa Hajji, hapa mjini, kwenye ghala lake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza akiwa na tasbihi mkononi, vidole vikaacha kusogea.

"Nilikuapisha," akasema.

"Uliniapisha, Hajji."

"Na mimi nikaandika kwa mkono wangu kwamba wewe hudanganyi. Nimeweka na sahihi." Akageuka kwa Baluku. "Kijana wangu, ulilia mbele yangu hospitali pale, na mimi nilikuacha."

"Hajji, mimi si kijana tena," Baluku akasema. "Chumvi imenimaliza."

Hajji akainuka, akavaa viatu vyake. "Twende stendi."

Tukatembea watatu, mzee mbele na sisi nyuma. Pale stendi madereva walikuwa wamekaa wanakunywa chai, wengi ni wale wale waliokuwa Bwera. Mmoja akaanza, kama kawaida, "Mafuta! Leo umekuja kujaza ama kumwaga?" Hajji akainua mkono, wakanyamaza. Kisha akaniangalia mimi. Nikaelewa kwamba hatasema yeye.

Nilisema. Sauti yangu haikutoka vizuri, kukawa na mtu nyuma aliyesema "Sema kwa nguvu, fundi," nikalazimika kurudia tangu mwanzo. Mara mbili, Masika. Kopo, bati, mlima, akina mama barabarani, mfuko wangu. Nilipomaliza, yule aliyetania akasimama, akamsogezea Baluku kiti chake na kikombe chake cha chai ambacho alikuwa hajakinywa. Mwingine akasema kwa sauti, bila kunitaja, "Basi huyo wa garaji ya pale chini, mimi gari yangu haitamwona tena." Wengine wakaitikia. Mwenye garaji yangu alishasikia kabla sijarudi. Ameniambia nimalize hili lori, halafu tutazungumza. Najua mazungumzo ya namna hiyo huishaje. Mwambie mama yako asiogope, mikono yangu bado ipo, ila labda nitarudi Bwera mapema kuliko tulivyopanga.

Sasa habari yako. Nilimuuliza Hajji, "Na binti yangu?" Nilimuuliza nikiwa tayari kwa jibu lolote.

Alisema, "Binti yako sijamwona akishika gari. Nilimsifia kwa sifa yako, na sifa yako imekwisha. Ile karatasi nirudishiwe." Kisha akapiga simu Mweya mbele yangu. Hakunipamba wala hakukuchafua. Aliwaambia barua yake imefutwa, lakini binti akija wamtazame wao wenyewe. Waliongea kidogo, akacheka kidogo, akakata. Wana vani moja ya kubeba watalii inayotoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Imeshawashinda mafundi wawili. Wamesema uje. Utapewa hiyo. Ukiijua, unabaki. Usipoijua, gari la jioni litakurudisha kwa mama yako.

Kwa hiyo kesho hutakwenda na karatasi. Utakwenda na mikono yako. Nisamehe kwa hilo. Nilitaka uondoke nyumbani ukiwa na mlango uliofunguliwa, na nimeufunga nusu mwenyewe, siku moja kabla.

Sitakuambia vani ile ina nini, sijaiona, na ukinisikia nataja ugonjwa wa gari nisiloliona, jua nimerudia tabia yangu ya Bwera. Nikuambie tu ninachofikiri. Magari ya watalii hutembea polepole siku nzima, yanasimama kwa simba, yananguruma dakika thelathini bila kwenda, hayakanyagwi mafuta hata mara moja. Gari la dizeli linaloishi hivyo hujaza masizi upesi. Inawezekana ni hilo tu. Lakini muulize dereva kwanza. Muulize lilianza lini, moshi unatoka likiwa baridi au likiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua? Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, na masizi yakawa na unyevu wenye harufu tamu, basi kipoozeo cha moshi, kile kinachopitiwa na maji ya rejeta, kimetoboka ndani, na hata ungeosha valvu mpaka ing'ae ungekuwa unapoteza muda. Gusa masizi kama nilivyokuonyesha. Fuata ile mipira myembamba yote kwa kidole, mpaka mahali inapojificha. Ivute kwa mdomo uone kama valvu inasogea na kurudi. Ukimaliza kuosha, usiiamini mpaka umepanda na gari mlima wenyewe, na dereva akiwa kando yako.

Na kuna uwezekano, Masika, kwamba kati ya wale mafundi wawili, mmoja ameshaweka bati. Ukifungua ukalikuta, usicheke. Usiseme ni mjinga gani huyu. Litoe, lionyeshe kwa mwenye gari, mwambie lilikuwa linafanya nini. Mtu aliyeliweka labda alikuwa na mtoto wa kusomesha na hofu ya kuonekana hajui.

Na ukishindwa, ukikaa mbele ya injini ile ukaona hakuna unachoelewa, sema hivyo. Kwa sauti, mbele ya yeyote aliyesimama hapo. Utarudi nyumbani jioni, tutakula pamoja, na hakuna dereva yeyote duniani atakayekuwa amevunjika mkono kwa ajili ya fahari yako. Mimi nitafurahi kukuona kwa vyovyote.

Nimeweka kile kipande cha bati ndani ya bahasha. Baluku hakutaka kukaa nacho, alisema amekibeba vya kutosha bila kukijua. Wewe fanya nacho unavyotaka. Hakina uchawi, ni takataka tu.

Msomee mama yako barua hii yote, usiruke mahali. Nilipaswa kumwambia mimi mwenyewe kabla ya kumwambia mtu yeyote, na nitamwambia nikirudi, lakini asisikie sokoni kwanza.

Ameniita tena huko nje. Anasema gari la Bwera limebakiza nafasi mbili, na kwamba hata Biblia ina mwisho. Umeshajua ni nani. Sikumtuma, Masika. Hajji alitaka karatasi yake, na mimi nikasema nitatafuta mtu wa kuifuata, naye akasema, "Nitakwenda mimi. Nataka kuiona hiyo maneno iliyoandikwa juu yangu, halafu niirudishe kwa mkono yangu."

Basi itoe kwenye begi usiikunje, umpe. Atataka kuisoma hapo hapo mlangoni. Mwache aisome, na wewe usimwombe msamaha kwa niaba yangu, hilo ni deni langu na bado hajanijibu. Akimaliza mkaribishe ndani, ale kabla ya kupanda gari la kurudi. Atanawa mkono wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto haunyooki. Mmiminie maji taratibu. Usiuangalie sana ule mkono, wala usijifanye huuoni.

Baba yako anayekupenda na aliyechoka,

Kambale